Reli ya Demani: Kuiweka Mpya katika Mashua Kuukuu

Githongo ni mji wa soko katika Imenti ya Kati, Meru, juu ya miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Watu wake hulima chai, kahawa na viazi, na hufuga ng'ombe wa maziwa. Bahari iko mbali nao, na wengi hawajapata kuona tanga likijaa upepo. Hata hivyo, mvua inayonyesha juu ya mashamba yao hushuka kwa mito mpaka Tana, na mto Tana huingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini, baina ya Malindi na Lamu. Kama maji yashukavyo, ndivyo na vijana wa mlimani washukavyo pwani kutafuta kazi, na miongoni mwao wamo mafundi seremala.

Somo hili lahusu kazi moja ambayo fundi seremala aliyefika pwani aweza kuitiwa: kuondoa reli ya demani iliyochakaa katika mashua kuukuu ya tanga, na kuweka nyingine mahali pake. Kazi yenyewe ni ndogo kwa macho, lakini ndani yake mna mambo ambayo yafaa kujulikana na kila mtu anayefunga chuma katika mti, awe pwani au awe bara.

DEMANI NI NINI?

Tanga la chombo halifai kitu likiachwa lipepee kama nguo juani. Sharti pembe yake ya nyuma ishikwe kwa kamba, na kamba hiyo ndiyo iitwayo demani. Baharia akiivuta demani, tanga hukazika na kushika upepo. Akiilegeza, tanga hutoa upepo na chombo hupunguza mwendo. Kwa hiyo demani kwa chombo ni kama hatamu kwa punda. Tena huhesabiwa kuwa kamba ya uhai, kwa maana upepo wa ghafla ukija, baharia hulegeza demani upesi ili chombo kisipinduke.

Katika majahazi ya Lamu na Unguja, tanga hutundikwa juu ya mti mrefu uitwao foromali, na chini halina mti wo wote. Jahazi kubwa linapotaka kupokea upepo kwa upande wa pili, mabaharia husimamisha foromali karibu na mlingoti, kisha huzungusha tanga pamoja na demani yake mbele ya mlingoti mpaka upande mwingine. Ni kazi ya watu wengi wenye nguvu, na kila mmoja hana budi kujua mahali pake.

Mashua za namna ya Ulaya, kama zile zionekanazo Kilifi na Mtwapa, zina desturi nyingine. Tanga lao kubwa lina mti chini yake, uliofungwa kwenye mlingoti kwa bawaba ili uweze kwenda kushoto na kulia kama mlango. Demani hushuka kutoka katika mti huo, ikapita katika makapi, ambayo watu wa pwani huyaita gofia, mpaka sitahani. Mashua ikigeuka, mti huvuka wenyewe kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mtu mmoja aweza kuiongoza.

RELI NA KIGARI CHAKE

Mahali demani inaposhikwa chini ndipo penye reli. Zamani ilikuwa fimbo nene ya chuma au ya shaba iliyolazwa kukingama mashua, nayo ilikuwa na pete iliyoteleza huku na huku. Baadaye mafundi walitengeneza reli ya shaba au ya alumini, na juu yake kigari kidogo kinachobeba kapi la demani. Katika reli za siku hizi, ndani ya kigari mna gololi nyingi, ndiyo maana huteleza kwa wepesi hata kikivutwa kwa nguvu. Waendeshaji wa mashua za starehe huiita reli hiyo pamoja na kigari chake travela.

Faida ya kigari ni hii. Demani hufanya kazi mbili kwa pamoja: huvuta mti wa tanga kuelekea katikati ya mashua, tena huuvuta chini usipande juu. Pasipo kigari, baharia akilegeza demani ili tanga liende nje, mti hupanda, na tanga hujikunja juu kama jani la mgomba. Penye kigari, demani huachwa ilivyo, na kigari peke yake husogezwa upande. Tanga hubaki limekazika vizuri, lakini limebadilisha pembe yake. Upepo wa ghafla ukija, kigari husukumwa chini kuelekea upande usio na upepo, na mashua husimama wima tena bila kupoteza mwendo mwingi.

Kigari kikikwama, faida hiyo yote hupotea. Na reli yenyewe iking'oka, mti wa tanga huwa hauna mtu wa kuuzuia. Huruka upande kwa upande kwa nguvu ya upepo wote, na ukikuta kichwa cha mtu njiani, huweza kumwua.

NGUVU YA UPEPO

Mtu asiyezoea bahari aweza kufikiri kwamba upepo ni kitu chepesi. Na atazame hesabu hii. Tanga la mita 20 za mraba, likigongwa uso kwa uso na upepo wa kilomita 36 kwa saa, husukumwa kwa nguvu iliyo karibu sawa na uzito wa kilo 120. Upepo ukizidi mara mbili, ukafika kilomita 72 kwa saa, nguvu haizidi mara mbili bali mara nne, yaani karibu kilo 480. Huo ni uzito wa ng'ombe mzima.

Nguvu yote hiyo haiendi kwenye reli peke yake, kwa maana mlingoti na kamba zake huchukua sehemu kubwa. Lakini tanga linapovuka kwa ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine, demani hukazika kwa kishindo, na kishindo huzidi uzito uliotulia. Kila mfugaji ajua kwamba kamba iwezayo kumzuia fahali aliyesimama yaweza kukatika fahali huyo akianza kukimbia.

MFANO WA FUNDI WA GITHONGO

Ili somo lieleweke, na uchukuliwe mfano wa kijana mmoja, fundi seremala wa Githongo. Alijifunza kazi yake kwa kutengeneza milango na makabati ya muuru, ule mti wa Meru ambao mbao zake husifiwa kwa samani, kisha akashuka Kilifi kufanya kazi katika karakana ya mashua. Siku moja mwenye mashua akamletea reli mpya imefungwa katika karatasi, pamoja na kigari chake cha gololi.

Mashua yake ilikuwa ya urefu wa mita 8, na umri wake ulikuwa umepita miaka 40. Sitaha yake ilikuwa ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi: tabaka moja juu, tabaka moja chini, na katikati plaiwudi. Reli ya zamani ilikuwa ya alumini, imeshikwa kwa bolti 12. Kigari chake kilikuwa kimekwama kwa chumvi, na kando ya bolti palionekana unga mweupe na michirizi ya kutu.

“Ni kazi ya asubuhi moja, fundi,” akasema mwenye mashua. “Toa ile, weka hii. Jumamosi nataka kuwatembeza watoto wangu.”

Nahodha mzee aliyekuwa akishona tanga kivulini akainua macho. “Mwanangu,” akamwambia yule kijana, “reli utaiona kwa macho. Kilicho chini yake hutakiona mpaka ukitafute.”

KUONDOA RELI KUUKUU

Kuondoa reli ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa juu na bisibisi, wa pili huingia chini ya sitaha na spana kushika nati. Bolti ikigoma, isishindaniwe kwa nguvu. Hutiwa mafuta mepesi ya kulegeza kutu na kuachwa usiku mzima; na isipokubali, hupashwa moto kidogo kwa uangalifu, mradi moto usiifikie faiba. Mtaimbo usitumiwe kamwe kubandua reli, kwani huvunja sitaha.

Kabla ya kuiondoa, fundi alipiga mstari kwa kalamu kuizunguka reli, akaandika namba ya kila tundu. Bolti zilipotoka alizipanga juu ya ubao kwa namba zile zile. Hilo lilimpa habari muhimu. Bolti za upande wa kulia zilikuwa safi. Bolti nne za upande wa kushoto zilitoka zimeliwa katikati, nyembamba kama kiuno cha nyigu, ingawa vichwa vyake juu viling'aa kama vipya.

Yafaa ijulikane kwamba chuma kisichoshika kutu hulindwa na utando mwembamba sana, na utando huo huhitaji hewa ili ujitengeneze upya. Kikifungiwa ndani ya mti uliolowa maji ya chumvi, mahali pasipo hewa, utando hufa, na chuma huliwa ndani kwa ndani. Kwa hiyo bolti inayong'aa kichwa si ushahidi wa bolti nzima. Tena bolti iliyoliwa katikati ni ushahidi kwamba maji yameingia.

KUTAZAMA KILICHO CHINI

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Fundi alichukua nyundo ya mti akagonga sitaha polepole kufuata mstari. Penye mti mzima palitoa mlio mkavu wa kukata. Upande wa kushoto palitoa mlio mzito, kama kugonga boga. Kisha akachoma ndani ya tundu kwa bisibisi nyembamba. Katika matundu ya kulia bisibisi iligota. Katika yale manne ya kushoto iliingia mpaka mpini, ikatoka na ungaunga mweusi wenye harufu ya majani yaliyooza.

Akamwita mwenye mashua akamwonyesha. Yule bwana akakunja uso. Fedha ya reli alikuwa amekwisha kuilipa, na watoto wake walikwisha kuahidiwa.

“Weka bolti ndefu zaidi,” akasema. “Na gundi nyingi.”

“Mzee,” akajibu fundi kwa adabu, “bolti ndefu itashika wapi? Katikati ni oza, na chini ya oza ni tabaka jembamba, kisha hewa. Kwetu Githongo ng'ombe aking'oa kigingi kwa sababu ya matope, hatununui kamba mpya. Twatafuta ardhi ngumu.”

“Na nikisema uifunge hivyo hivyo?”

“Basi utafute fundi mwingine, Mzee. Watoto watakaa chini ya mti ule ule wa tanga.”

Mwenye mashua akanyamaza kitambo. Kisha akaichukua bisibisi kwa mkono wake mwenyewe, akachoma tundu la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Alipoirudisha, akauliza tu kazi itachukua siku ngapi.

Jambo hili halikosi kumfikia kila fundi. Mwenye mali huona kile kitu kipya kinachong'aa, akadhani ndicho kinachotengeneza. Wajibu wa fundi ni kumwonyesha kile ambacho hakionekani, na kumwonyesha kwa vitendo wala si kwa maneno matupu. Fundi akiogopa kukosa ujira wa siku moja, huenda akauza roho ya mtu.

KUTENGENEZA SITAHA

Fundi alikata tabaka la juu la faiba kwa msumeno mwembamba, kuzunguka mahali palipooza, akapita upana wa kiganja ndani ya mti mzima. Oza lote likaondolewa kwa patasi mpaka mti mkavu, wa rangi nzuri, ukaonekana pande zote. Shimo liliachwa wazi mchana lipate jua, na usiku likafunikwa lisipate umande. Siku tano zikapita hivyo. Haraka ya kufunika mti wenye unyevu ni sawa na kufunga mbegu ya oza ndani ya sitaha.

Mahali pa mti ulioondolewa hakuweka muuru, ingawa aliupenda. Muuru hufaa sana kwa samani za ndani ya nyumba. Lakini kwa mahali panapolowa maji ya chumvi kila siku alichagua plaiwudi ya baharini, ambayo tabaka zake zimegandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini. Aliipaka gundi ya epoksi pande zote na kwenye kingo zake, akaibana kwa majiliwa, kisha juu yake akalaza vitambaa vitatu vya faiba, akapiga msasa mpaka sitaha ikawa sawa.

KUCHAGUA NA KUPIMA RELI MPYA

Mtu asinunue reli kwa kuitazama tu. Apime kwanza mambo manne. La kwanza ni urefu. La pili ni nafasi baina ya tundu na tundu: reli nyingi za siku hizi zina nafasi ya milimita 100, lakini reli za zamani zilitofautiana, na kwa kawaida matundu hayalingani. Hayo ya zamani huzibwa kabisa kwa epoksi, na mengine hutobolewa. La tatu ni ukubwa wa tanga, kwa maana kila mtengenezaji husema kigari chake chaweza kubeba mzigo gani. La nne ni umbo la mahali. Ikiwa reli yalala juu ya sitaha urefu wake wote, sitaha huisaidia kubeba. Ikiwa yavuka mahali patupu kama daraja, sharti iwe reli nene zaidi, ya aina iliyofanyizwa kwa kazi hiyo, la sivyo itapinda.

Sitaha za mashua huwa na mgongo katikati. Reli iliyonyoka ikilazimishwa kwa bolti ifuate mgongo huo, kigari hukwama katikati. Fundi aliweka vipande vya faiba ngumu chini ya ncha mbili ili reli ilale bila kulazimishwa. Kisha akapima kwa kamba kutoka katikati ya mlingoti mpaka ncha ya kushoto, na kutoka hapo hapo mpaka ncha ya kulia. Vipimo viwili vilipokuwa sawa, alijua reli imekingama mashua barabara. Ni njia ile ile aliyoizoea Githongo kwa kupima fremu ya mlango kona kwa kona.

KUTOBOA NA KUFUNGA

Tundu la bolti ndani ya sitaha yenye mti katikati halitobolewi mara moja tu. Bolti zake zilikuwa za milimita 8. Kwa keekee alitoboa kwanza tundu la milimita 14, akaliziba chini kwa utepe, akalijaza epoksi iliyotiwa unga wa kuigandisha, akaiacha ikauke. Siku ya pili akatoboa tundu la milimita 8 katikati ya epoksi hiyo. Kwa njia hiyo, hata maji yakipita kando ya bolti siku moja, hayaufikii mti. Tena epoksi huwa kama nguzo ndogo inayozuia sitaha isikandamizwe nati inapokazwa.

Midomo ya matundu aliipanua kidogo juu, ili gundi ya kuzibia maji ikae kama pete kuzunguka kila bolti. Gundi hiyo sharti iwe ya aina inayoweza kubanduliwa siku ya baadaye. Ipo nyingine inayoshika milele, nayo humtesa fundi atakayekuja nyuma.

Chini ya sitaha, nati hazikukazwa juu ya faiba tupu. Aliweka bamba la alumini la unene wa milimita 6 chini ya urefu wote wa reli, likiwa na kona zilizolainishwa, na chini ya kila nati washa pana. Bamba hugawanya nguvu. Pasipo bamba, kila bolti huvuta mahali padogo kama kidole kinavyotoboa karatasi. Penye bamba, sitaha nzima hushika kama kiganja.

Jambo jingine la kuangalia ni kukutana kwa metali mbili. Chuma kisichoshika kutu kikigusana na alumini, na maji ya chumvi yakiwa baina yao, umeme mdogo hupita kama katika betri, na alumini, iliyo dhaifu zaidi, huliwa. Ule unga mweupe wa reli ya zamani ulikuwa dalili ya jambo hilo. Kwa sababu hiyo bolti hupakwa dawa ya kuzitenga, au huvikwa washa za plastiki.

Bolti hazikukazwa zote kwa nguvu siku ile ile. Kwanza zilikazwa kiasi, gundi ikatokeza kidogo kingoni. Ilipokauka, zikakazwa kwa mara ya pili kwa kuzungusha nati kutoka chini huku bolti ikishikwa isizunguke, ili muhuri wa gundi usikatike. Mwisho wa yote akafunga vizuizi katika ncha mbili za reli. Mtu asikisahau kitu hicho kidogo: pasipo kizuizi, kigari hutoka relini kwa mara ya kwanza tu, na gololi hutawanyika baharini.

KUJARIBU

Reli mpya haiaminiwi kwa kuwa ni mpya. Mashua ikiwa bado imefungwa, watu watatu waliivuta demani kwa nguvu zao zote, kigari kikiwa kushoto, kisha katikati, kisha kulia, na fundi akiwa chini na tochi akitazama bamba. Halikusogea. Kisha ikamwagwa ndoo baada ya ndoo ya maji juu ya reli, akapapasa chini kwa mkono mkavu. Palikuwa pakavu.

Baadaye walitoka katika upepo mwepesi wa asubuhi, na waliporudi nati zilitazamwa tena. Mwenye mashua alipewa maagizo matatu: aoshe kigari kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila arudipo, asitie grisi, kwa sababu grisi hushika mchanga na mchanga husaga gololi, na baada ya mwezi mmoja azitazame nati kwa spana. Watoto walifundishwa kwamba mtu haweki vidole juu ya reli, wala hasimami katika mzingo wa kamba, wala hainui kichwa mashua inapogeuka.

Jumamosi iliyokusudiwa ilikuwa imekwisha pita, na ya pili pia. Katika Jumamosi ya tatu, msimu wa kusi, mashua ilitoka na watoto wawili ndani yake. Nje ya mlango wa hori upepo ukaja kwa ghafla, mti wa tanga ukavuka kwa kishindo, demani ikakazika, na kigari kikakimbia mpaka kizuizini kikasimama. Watoto walicheka, wakaomba mashua igeuzwe tena. Hawakujua kwamba kwa reli iliyofungwa juu ya oza, safari ingaliweza kuishia pale.

KWA WENYE MASHUA ZA UVUVI

Mashua ya mvuvi haina reli wala kigari, lakini ina mahali demani inapofungwa. Chombo kinapopandishwa ufukoni wakati wa bamvua kwa ajili ya kalafati, mvuvi asitazame mbao za chini tu. Atazame pia boriti, pete na kigingi vinavyoshika demani: agonge, achome kwa kisu, anuse. Kamba ya katani huoza kwa unyevu ndani ya nyuzi zake, na kamba ya nailoni huchoka kwa jua. Zote mbili zaonekana na ni rahisi kubadilishwa. Boriti iliyooza ndani haionekani.

FAIDA YA SOMO

Msomaji wa Githongo asiyekusudia kushuka pwani asidhani kwamba haya hayamhusu. Bawaba ya lango ikilegea, aghalabu si bawaba iliyo mbovu bali nguzo. Ndoana ya kuvutia tela iking'oka katika kilima cha matope, kosa huwa katika chuma ilichofungiwa. Mfereji wa bati ukianguka kwa mvua ya masika, ubao ulioshika misumari ulikwisha oza tangu mwaka uliopita. Katika kila moja, mtu aweza kununua kitu kipya na kukifunga mahali pale pale pabovu, akafurahi kwa mwezi mmoja.

Wazee walisema kwamba kamba hukatikia pabovu. Kazi ya fundi ni kupatafuta pale pabovu kabla kamba haijapapata.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Demani hufanya kazi gani mbili, na kigari husaidia kazi ipi?
2. Upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake juu ya tanga huzidi mara ngapi?
3. Kwa nini bolti inayong'aa kichwa yaweza kuwa imeliwa katikati?
4. Kwa nini tundu hutobolewa kubwa kwanza, likajazwa epoksi, kisha likatobolewa tena?
5. Tazama lango, tela au mfereji wa nyumbani kwako. Chuma chake kimeshikwa na nini, na ulikitazama mara ya mwisho lini?